Namba ya Juu ya CMakeLists Si Pambo

Tangu toleo 4.0 la CMake, mfumo wa kujenga programu unaotumika hasa kwa C na C++, litoke mwishoni mwa Machi 2025, lawama imekuwa ile ile: watengenezaji wake wameitosa miradi ya zamani. Msimbo uliojengeka miaka kumi bila mtu kuugusa unakwama kabla hata kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haijaitwa, na ujumbe unaotokea unasema upatanifu na CMake iliyo chini ya 3.5 umeondolewa. Kwa anayefanya kazi hii Malindi au Lamu uchungu unazidi, kwa sababu msimbo ameushusha kwa bando la simu, na kosa linamkuta usiku, bando likiwa limebaki megabaiti za kuhesabu. Hasira hiyo naielewa, lakini imemwangukia asiyestahili. CMake haijaacha kuyajali matoleo ya zamani. Ina utaratibu wa upatanifu wenye nidhamu kuliko mifumo mingi ya kujenga programu. Kilichovunjika ni tafsiri yetu ya namba moja iliyo juu kabisa ya CMakeLists.txt, faili la maelezo ya mradi, namba ambayo wengi huinakili kutoka mradi mwingine bila kuisoma. Namba hiyo ni mkataba wa tabia. Mkataba una muda wake, na anayepaswa kuufuatilia ni mwenye mradi, si yule anayekuja mwisho kuujenga.

Kazi ya mfumo wa ujenzi ni kusoma maelezo ya mradi, kutafuta kompaila na maktaba zilizomo kwenye mashine, kisha kuandika amri ambazo programu kama Make au Ninja itazitekeleza. Maelezo hayo yenyewe ni programu, yameandikwa kwa lugha ya CMake, na lugha hiyo imebadilika. Amri ya cmake_minimum_required, inayotangulia nyingine zote, hufanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza linajulikana: ukitaja 3.5 na mashine ina 3.4, ujenzi unakataa. La pili ndilo linalosahaulika: unaiambia CMake yoyote mpya zaidi ijiweke, katika mambo fulani yanayohesabika, kama ilivyokuwa katika toleo 3.5. Mambo hayo huitwa sera, na kila moja ina jina linaloanza na CMP. Utaratibu huu uliingia na toleo 2.6 mwaka 2008. Watengenezaji wakitaka kurekebisha tabia ambayo huenda kuna mradi unaitegemea, hawaibadilishi kimyakimya. Huandika tabia mpya, huiacha ya zamani hai kando yake, na kuweka sera ya kuamua ipi itumike. Mradi uliotaja toleo lililotangulia sera hiyo hupata tabia ya zamani. Uliotaja toleo hilo au la baadaye hupata mpya.

Chukua CMP0054, iliyokuja na 3.1. Kabla yake, amri ya if ilipokutana na neno, hata likiwa ndani ya alama za kunukuu, ilitazama kama kuna kigeu chenye jina hilo, na kikiwepo ilichukua thamani yake badala ya neno lenyewe. Sasa mwandishi anauliza kama jina la kompaila ni "MSVC", ambayo ni kompaila ya Microsoft. Ikitumika kompaila hiyo, CMake yenyewe huwa imekwisha kuweka kigeu kiitwacho MSVC chenye thamani 1. Neno linageuka 1, ulinganisho unashindwa, na swichi, yaani maagizo ya ziada yaliyokusudiwa kompaila hiyo, hazifiki, tena mahali pale pale zilipohitajika. Waliojua mtego huu walitia herufi x mbele ya pande zote mbili. Ukikuta xMSVC kwenye msimbo wa zamani, hiyo ndiyo sababu yake. Je, kuna mradi unaotegemea tabia hiyo mbovu? Upo. Mtu aliona swichi hazifanyi kazi, akaziweka zile zile mahali pengine, mambo yakaenda. Siku ulinganisho utakapoanza kusema kweli, swichi zitaingia mara mbili au zitagongana.

CMP0077, ya toleo 3.13, inawagusa zaidi wanaopachika maktaba za wengine ndani ya miradi yao. Mradi mkuu unaweka kigeu cha kuzima majaribio ya maktaba iliyopachikwa. Maktaba ikiwa na mkataba wa 3.5, amri yake ya option, inayotangaza chaguo la kuwasha au kuzima, hukifuta kigeu hicho mara ya kwanza na kuandika chaguo lake yenyewe kwenye kache, faili ambamo CMake hutunza majibu yake. Ukiendesha CMake mara ya pili, chaguo liko kwenye kache tayari, option haigusi kitu, na kigeu cha mradi mkuu sasa kinasikika. Folda ni moja, amri ni moja, majibu mawili. Asiyejua habari ya sera atapoteza siku nzima akiishuku mashine.

Kila sera, kwa hiyo, ni njia panda ndani ya CMake, na kila njia panda inataka majaribio ya pande zote mbili, maelezo ya pande zote mbili, na mtu wa kukumbuka kwa nini upande wa zamani ulikuwa hivyo. Toleo 4.0 limeondoa upande wa zamani wa sera CMP0000 hadi CMP0065, yaani sera 66. Haikuwa ghafla. Toleo 3.19 la Novemba 2020 lilianza kuonya miradi iliyotaja chini ya 2.8.12. Toleo 3.27 la Julai 2023 likaonya waliotaja chini ya 3.5. Ukataji ukaja Machi 2025, miezi 20 baadaye, na toleo 3.5 lenyewe ni la Machi 2016. Tabia zilizoondolewa zilikuwa zimekwisha kurekebishwa kwa zaidi ya miaka tisa.

Wanaotaka tabia zote zibaki milele wana mfano mkubwa wa kuonyesha, nao ni Make. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 huko Bell Labs, akaamua kwamba kila mstari wa amri uanze na tabo. Aliiona kasoro hiyo mapema, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, na hakutaka kuwavunjia kazi. Tabo ikabaki. Leo hii anayeanza kujifunza akiweka nafasi nane badala ya tabo anaambiwa amekosa kitenganishi, naye haoni kilichokosekana kwa sababu macho hayatofautishi. GNU Make iliongeza kigeu cha .RECIPEPREFIX mwaka 2010 ili mtu achague alama nyingine, lakini desturi ilikuwa imeshika. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokuwa mpaka wa upana wa chumba. Nondo na zege viliondoa ulazima huo, ila anayeongeza ghorofa juu ya kuta za kale bado anapimiwa na boriti ambazo hazipo. Ndivyo ilivyo kwa Make: uamuzi uliowalinda watu kumi na wawili umewagharimu mamilioni waliokuja baada yao.

Kwa hiyo hoja kwamba tabia ya zamani ikiachwa haimdhuru mtu ni dhaifu. Inamdhuru anayesoma, kwa sababu mstari mmoja una maana mbili kutegemea namba iliyoandikwa mbali na hapo, pengine katika faili jingine. Inamdhuru anayerekebisha, kwa sababu kila rekebisho linapaswa kupita pande zote.

Hoja nzito ya upande huo ni nyingine: msimbo usio na mwenyewe. Zipo maktaba ambazo aliyeziandika amekwisha ondoka, zipo programu za utafiti zilizofungwa pamoja na makala yake na hazitaguswa tena, na vipo vifaa ambavyo programu yake ilikwisha kuandikwa ndani. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kituo cha anga cha Broglio kilihudumia setilaiti ya AGILE, iliyorushwa Aprili 2007, mpaka kazi yake ilipokoma Januari 2024. Hakuna apandaye juu kubadilisha vyuma vya setilaiti. Ni upande wa ardhini unaotunza uwezo wa kuzungumza nayo, na unautunza kwa muda unaojulikana. Msimbo wa yatima unahitaji upande wa ardhini wa namna hiyo. CMake 4.0 imeuacha mlango: ukiongeza -DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5 kwenye amri, au ukiweka kigeu cha mazingira chenye jina hilo, mradi uliotaja 2.8 utachukuliwa kana kwamba umetaja 3.5. Miradi mingi hujengeka hapo hapo. Itakayokataa ni ile iliyoandika wazi ndani yake kwamba sera fulani kati ya zile 66 iwekwe OLD, yaani upande wa zamani, kwa sababu tabia hiyo haimo tena na hakuna swichi ya kuirudisha. Mstari huo lazima ufutwe kwa mkono, au mradi ujengwe kwa CMake ya zamani.

Dhaifu kupita zote, lakini ndiyo inayosambaa kuliko zote, ni dawa ya kupandisha namba hadi 4.0 na kuendelea na safari. Inaonekana kama utii kwa wakati mpya, kumbe ni kosa lile lile la kutoisoma namba. Kwanza, unawafungia mlango watu ambao hawana tatizo lolote: kati ya mifumo ya Linux, Debian 12 ina CMake 3.25, Ubuntu 24.04 ina 3.28, na ile inayokuja na vifaa vya Android, ambayo waandishi wengi wa programu za simu huitumia bila kujua, ni 3.22.1. Pili, umewasha kwa mkupuo sera zote zilizotungwa hadi 4.0. CMP0148, ya 3.27, huondoa moduli za zamani za kutafuta Python, hivyo amri ya find_package inayoitafuta PythonInterp, moja ya moduli hizo, inashindwa. CMP0167, ya 3.30, hufanya vivyo hivyo kwa moduli ya zamani ya kutafuta Boost, mkusanyiko wa maktaba za C++. Mradi uliokuwa na kosa moja sasa una manne, na mwenye kuupandisha anahitimisha kwamba CMake mpya haifai.

Njia sahihi ipo tangu toleo 3.12 la mwaka 2018, nayo ni kutaja masafa: 3.10...3.26, kwa mfano, nukta tatu katikati. Namba ya kushoto ni toleo la chini kabisa unalolikubali. Ya kulia ni toleo la juu kabisa ambalo sera zake umezijaribu. Mwenye 3.22 atapata sera hadi 3.22, mwenye 4.0 atapata hadi 3.26. Uzuri wake ni kwamba hata CMake iliyotangulia 3.12, isiyojua masafa ni nini, huzisoma zile nukta kama vitenganishi vya sehemu za toleo, ikaishia kwenye 3.10 bila kulalamika. Kipengele kipya kilichoandikwa kwa namna ambayo chombo cha zamani hukisoma bila kuumia: huo ni ufundi wa upatanifu ninaoustahi sana, na inasikitisha kwamba miaka mingi baadaye bado miradi mipya inaanzishwa na namba moja peke yake.

Kuhamisha mradi kwenye masafa si kazi ya dakika mbili, lakini si ya wiki pia. Anza kabla hujagusa kitu: tengeneza folda tupu ya ujenzi, endesha CMake uliyo nayo ukiwa umewasha CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS, na hifadhi faili la compile_commands.json linalotoka. Hilo ni orodha ya kila faili la msimbo na amri kamili itakayolikompaili. Kisha tafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kila mahali palipoandikwa cmake_minimum_required, si juu tu, bali ndani ya folda za maktaba zilizopachikwa na ndani ya _deps ambako FetchContent huzishusha nyingine; mara nyingi mradi mkuu hauna hatia, na namba ya 2.8 imejificha ngazi tatu chini. Badilisha, ipe folda ya kwanza jina jingine, jenga upya katika folda tupu yenye jina lile la kwanza ili njia za mafaili zisitofautiane, na linganisha orodha mbili kwa diff, amri inayoonyesha tofauti za mafaili mawili. Usitumie folda ya zamani, kwa sababu CMakeCache.txt itabeba majibu ya jana na kukuficha tofauti. Ukiona swichi ya -std imetoweka mahali fulani au -fvisibility=hidden imeingia, hiyo ni sera iliyogeuka, na majina ya sera yameelezwa moja moja katika mwongozo wa CMake. Orodha hiyo haina amri za kuunganisha. Kwa Make zitazame kwenye faili za link.txt ndani ya CMakeFiles, kwa Ninja ndani ya build.ninja. Diff ikiwa tupu pande zote, umehama salama. Isipokuwa tupu, punguza namba ya kulia hatua kwa hatua mpaka uijue sera inayohusika, kisha urekebishe msimbo au uiache namba hapo kwa sasa. Namba ya kulia iliyo ndogo na iliyojaribiwa inashinda kubwa ya kubahatisha.

Baada ya hapo jaribu kwa ncha zote mbili. Hapa ndipo wengi huokoa muda, wakaharibu. Kama umetaja 3.10 kushoto, lazima siku moja uwe umeujenga kwa 3.10 yenyewe, la sivyo namba hiyo ni ahadi usiyoijua. Meson, mfumo mwingine wa kujenga programu, ina msaada mzuri hapa: ukitaja toleo la chini kisha ukatumia kipengele kilichokuja baadaye, inakuonya. CMake haifanyi hivyo, nami nahesabu hilo kuwa upungufu wa kweli. Kutaja namba moja kwa kazi mbili ulikuwa uamuzi wa asili wa CMake, na sehemu ya mkanganyiko wa leo imetoka hapo.

Lawama ya pili ninayoiona ya haki inahusu onyo lenyewe: linamfikia nani? Kwa miezi 20 lilitokea kwenye skrini ya anayejenga, si ya mwenye mradi. Anayejenga maktaba ya mtu haoni sababu ya kuhangaika na mstari wa njano wakati programu imetoka salama. Siku chache kabla ya CMake 4.0, setuptools 78, chombo cha kujenga vifurushi vya Python, iligeuza kuwa kosa majina yenye kistari ndani ya setup.cfg, faili la maelezo ya kifurushi, jambo lililokuwa likionywa tangu 2021. Vifurushi vingi vikashindwa kusakinishwa na badiliko likarudishwa nyuma upesi. Onyo lilikuwepo miaka yote, ila pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, huficha maandishi ya ujenzi wakati kazi inapokwenda vizuri, na hujenga kila kifurushi katika mazingira yaliyotengwa ikichukua setuptools mpya kabisa, isipokuwa pyproject.toml, faili jingine la maelezo ya kifurushi, imeiwekea mpaka. Tatizo halikuwa urefu wa notisi. Mwenye mradi anaweza kulitibu upande wake kwa kuendesha CMake na -Werror=deprecated katika majaribio yake, ili onyo lisimamishe kazi kwake kabla halijawa kosa kwa wengine.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada, nalo ni gharama ya kufunga toleo. Ushauri wa kawaida ni kwamba kila mradi ubebe toleo lake la chombo, kama Gradle, mfumo wa ujenzi wa programu za Java na Android, inavyofanya: faili la gradle-wrapper.properties hutaja distributionUrl, na anayejenga hushushiwa Gradle hiyo hasa. Ni ushauri mwema, ila kila toleo la miaka ya karibuni lina zaidi ya megabaiti 100, na miradi minne yenye matoleo manne tofauti ni karibu nusu gigabaiti kabla hujaandika mstari. CMake ni nafuu. Kifurushi chake cha Linux ni takriban megabaiti 50, kile cha pip ni chini ya 30, na vyote hufunguliwa kwenye folda ya kawaida bila ruhusa ya msimamizi, hivyo 3.31 na 4.0 zinakaa pamoja bila kugombana. Timu ya watu watatu Lamu ishushe mara moja na kugawana kwa flashi au kwa seva ndogo ya ndani. Hata distributionUrl ya Gradle inakubali anwani ya file, na distributionSha256Sum itahakikisha kilichonakiliwa hakijaharibika njiani. FetchContent nayo huzuiwa kugusa mtandao kwa FETCHCONTENT_FULLY_DISCONNECTED, mara maktaba zikishakuwa kwenye diski. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki kudorora, mradi unaoshusha maktaba zake wakati wa kujengwa ulikuwa mradi usiojengeka.

Tena awamu inayofuata imekwisha tangazwa. CMake 3.31 ya Novemba 2024 ilianza kuonya miradi iliyotaja chini ya 3.10. Viraka vinavyopokezwa sasa hivi, yaani marekebisho madogo ya msimbo, vya kubadilisha 2.8 kuwa 3.5 na kuishia hapo, vinanyamazisha kosa la leo na kuacha onyo la kesho likiwaka. Anayefungua faili hilo wiki hii aandike 3.10 kushoto, kulia aandike toleo alilolijaribu, na kama maktaba si yake, ampelekee mwenyewe kiraka pamoja na ile diff ya compile_commands.json. Mtunzaji anayeona kwamba amri hazikubadilika hata moja hana sababu ya kukikalia.